Kujaza Bila Kumwaga: Sifa za Fundi wa Chaji

Kati ya kazi za mikono zinazofanyika kandokando ya barabara kuu ipitayo Segera, Korogwe na Mombo, na vilevile katika barabara ya lami inayochepuka Korogwe kwenda Handeni, ile ya fundi umeme wa magari ndiyo isiyo na cha kuonyesha. Seremala huacha kitanda na mshonaji huacha nguo, lakini fundi huyu, akishamaliza kazi yake, huacha gari lile lile lililoletwa, likiwa na tofauti moja tu, nayo ni kwamba taa zake zitawaka usiku kucha na injini itaamka alfajiri. Sifa ya ufundi wa namna hii haina budi kutafutwa katika mambo yasiyoonekana, na hakuna mahali yanapodhihirika zaidi kuliko katika kazi ya kuboresha mfumo wa kuchaji betri ya gari ambalo watu hulala ndani yake.

Karavani, yaani nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa na gari, si kitu cha kawaida katika wilaya hizi. Hata hivyo, haja iliyoizaa ipo: lori la masafa marefu lenye kitanda nyuma ya kiti cha dereva, gari la tiba linalozungukia vijiji, na gari la safari lenye jokofu na hema juu ya paa, yote huhitaji umeme wakati injini imezimwa. Wala tatizo lenyewe si geni kwa wenyeji. Kwa miaka mingi, kabla nyaya za umeme hazijaenea vijijini, betri za magari zilibebwa hadi mjini kuchajiwa, kisha zikarudishwa nyumbani kuendesha redio na runinga. Hali hiyo ilikuwapo hata katika mkoa ambao Mto Pangani umekuwa ukizungusha mitambo ya Hale, wilayani Korogwe, yenye uwezo wa megawati 21, tangu mwaka 1964. Kuzalisha umeme ni jambo moja. Kuuhifadhi na kusafiri nao ni jambo jingine.

Chombo cha kuuhifadhia ni betri ya risasi na tindikali, iliyobuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, na ambayo kanuni yake haijabadilika hadi leo. Betri ya volti 12 ina vyumba sita, viitwavyo seli, na ndani ya kila seli mna bamba za risasi zilizozama katika tindikali iliyochanganywa na maji. Betri inapotoa umeme, bamba hizo hufunikwa na chumvi ya risasi, na inapochajiwa chumvi hiyo huyeyuka. Ikiachwa siku nyingi bila kujazwa, chumvi hugeuka fuwele ngumu zisizoyeyuka tena, nayo betri hufa ingawa kwa nje inaonekana nzima. Betri iliyojaa, ikiwa imepumzika, husoma takriban volti 12.7, na ikifika nusu husoma kama 12.2, ikimaanisha kuwa baina ya shibe na nusu njaa pana nusu volti tu, pengo ambalo macho hayalioni na ambalo fundi makini hulitafuta kwa mita kabla hajashika spana.

Gari la kulala huhitaji betri mbili, moja ya kuwasha injini na nyingine ya matumizi ya ndani, ili taa na jokofu visiinyime injini nguvu ya kuamka. Zote mbili hulishwa na oltaneta, mtambo mdogo unaozungushwa na mkanda wa injini. Hapo ndipo kosa la kawaida hutokea, kwa kuwa anayetazama juujuu hudhani kwamba waya ukishafika kwenye betri ya pili, kazi imekwisha. Waya wa shaba wenye unene wa milimita mraba 2.5, ukienda mita tano hadi betri ya nyuma na kurudi mita nyingine tano, hupoteza volti 1.4 unapopitisha ampea 20, hivyo volti 14.2 zilizotoka kwenye oltaneta hufika zikiwa 12.8, kiasi kisichoweza kuijaza betri kwa kasi inayofaa. Waya wa milimita mraba 16 katika umbali huo huo hupoteza takriban volti 0.2 tu. Fundi anayechagua waya mnene, akaukaza vizuri kwenye vichwa vya betri na kuweka fyuzi karibu na kila betri ili shoti isigeuke moto, ameongeza chaji bila kuongeza mtambo wowote, kwa kuwa amezuia kilichokuwa kikivuja njiani.

Pamoja na hayo, waya mnene haushindi muda. Safari ya takriban kilomita 65 kati ya Korogwe na Handeni huchukua kama saa moja, na ampea 20 kwa saa moja ni sehemu moja ya tano tu ya betri ya ampea-saa 100. Isitoshe, betri ya risasi hupokea umeme kwa pupa mpaka ifike kama asilimia 80, kisha huanza kuukataa, na sehemu ya mwisho hudai saa kadhaa za chaji ndogo ndogo. Ndiyo maana fundi mwenye kuelewa huigawa kazi: injini hupewa jukumu la kushindilia sehemu ya kwanza, na paneli ya sola juu ya paa hupewa jukumu la kumalizia wakati gari limeegeshwa. Haba na haba hujaza kibaba, ndivyo wasemavyo Waswahili. Na katika betri methali hiyo ni kanuni ya kemia, kwa kuwa kipande cha mwisho cha kibaba hakikubali kujazwa kwa njia nyingine.

Kibaba, hata hivyo, hufurika. Betri inayosukumiwa volti nyingi kupita kiasi huchemka, hupoteza maji na kutoa gesi ya haidrojeni inayoweza kulipuka. Hatari hiyo huongezeka katika joto la Handeni, kwani betri yenye joto hutaka volti pungufu, na wahandisi hukadiria kuwa kila nyuzi 10 zinapozidi nyuzi 25 za Selsiasi umri wake hupungua kwa karibu nusu. Kwa sababu hiyo, kidhibiti chaji, kifaa kinachokaa kati ya paneli na betri, hupaswa kuwa na kipimajoto, nayo betri ikae penye hewa, mbali na injini. Betri za lithiamu zimeleta fundisho la upande wa pili: hazikatai umeme mapema kama zile za risasi, zinaweza kuinyonya oltaneta mpaka iungue, na hivyo huhitaji chaja maalumu ya kati inayoweka ukomo wa kinachopita. Ya kwanza hulindwa isilishwe kupita kiasi. Ya pili huzuiwa isimmalize anayeilisha.

Kwa hiyo, heshima ya ufundi huu haimo katika wingi wa vifaa alivyofunga fundi, bali katika kujua kipi kipewe kiasi gani, kwa muda gani, na kikomee wapi. Mteja anayelipia waya mnene kuliko aliodhani unahitajika haoni anachokinunua siku ile. Hukiona miaka baadaye, au tuseme hakioni kabisa: huwasha gari alfajiri pale Segera, injini ikaitika mara moja, naye akaondoka bila kumkumbuka fundi.