"Mshirika wa Matangazo": Istilahi Inayomficha Mnunuzi

Wafasiri wa habari za michezo wamezoea kutuletea istilahi "mshirika wa matangazo" kwa maana ya kampuni inayolipa ili ionyeshe mashindano. Sasa istilahi hiyo yatumiwa pia kwa huduma zinazotiririsha picha kwa njia ya intaneti, hasa katika habari za michezo ya vyuo vikuu vya Marekani. Kisarufi haina kasoro. Kasoro yake ni kwamba yasema uongo.

Mshirika, kwa matumizi ya Waswahili, ni mtu aliyetia mkono katika jambo, akapata fungu lake likifaulu na likiharibika pia. Mwanachama wa chama cha ushirika cha kahawa hukumbushwa hayo kila bei inapoanguka. Sasa na tuitazame mikataba yenyewe. Mwaka 2022 Big Ten, jumuiya mojawapo ya vyuo hivyo, ilifunga mkataba wa miaka 7 na Fox, CBS na NBC, ambao thamani yake iliripotiwa kuzidi dola bilioni 7. Baadhi ya michezo ilitengewa Peacock, huduma ya intaneti iliyo ndugu ya NBC. Fedha hizo ziliafikiwa kabla mpira haujachezwa, watazamaji wawe wengi, wawe wachache. Huo ni ununuzi. Kampuni yafanana na mfanyabiashara anayenunua maembe yangali mtini: matunda ameyalipia, mti si wake, na upepo ukiyapukutisha hasara ni yake peke yake.

Ushirika wa kweli ulikaribia kutokea mwaka 2023. Kampuni ya Apple ilitaka kuionyesha michezo ya jumuiya ya Pac-12 kwa intaneti, na katika pendekezo lake malipo ya vyuo yangepanda kadiri wateja wa kujiandikisha watakavyoongezeka. Hapo neno "mshirika" lingestahili kabisa, kwa kuwa vyuo navyo vingebeba sehemu ya bahati nasibu ile. Navyo vikakimbia! Tarehe 4 Agosti 2023 Oregon na Washington zilitangaza kuhamia Big Ten. Arizona, Arizona State na Utah zikaelekea Big 12. Wengine walikuwa wametangulia, wengine wakafuata, hata msimu wa 2024 ulipoanza, kati ya wanachama 12 wakabaki 2: Oregon State na Washington State. Hiki cha mwisho ndicho chuo alichosoma Henry Rono wa Kenya, aliyevunja rekodi 4 za dunia katika mwaka 1978, na kwa hiyo habari hii haiko mbali nasi kama inavyodhaniwa.

Hapa yafaa tuseme neno juu ya tafsiri nyingine, ambayo ni mbaya zaidi. Tumesoma kwamba "mkutano wa Pac-12 umevunjika". Msomaji atadhani wajumbe waligombana wakaondoka ukumbini. Chombo kinachosemwa ni umoja wa vyuo, wenye wanachama, hazina na mali ya kuuza. Na tangu Mahakama Kuu ya Marekani ilipoamua, mwaka 1984, kwamba chama cha taifa cha michezo ya vyuo hakina ruhusa ya kuhodhi mauzo ya televisheni, umoja wa namna hiyo umekuwa ndio muuzaji hasa. "Ligi" haitoshi, maana ligi ni mashindano. "Shirikisho" tumekwisha kulipa kazi nyingine. Sisi twapendekeza "jumuiya", na jumuiya nayo huweza kuvunjika. Msomaji wa Afrika Mashariki anayeukumbuka mwaka 1977 hahitaji kufafanuliwa.

Yupo atakayetujibu kwamba makampuni yenyewe hujiita washirika, na mfasiri hana budi kuwa mwaminifu. Twakubali, iwapo anafasiri hotuba ya mkurugenzi: maneno ni ya mkurugenzi. Lakini mwandishi anaposema kwa kauli yake mwenyewe, aseme "mnunuzi wa haki za matangazo". Na mtumishi wa serikali anayeandaa mkataba kwa Kiswahili awe mwangalifu zaidi, kwa sababu mshirika katika biashara ni jirani sana na mbia, na mbia hudaiwa madeni ya ubia.

Limebaki neno "matangazo" lenyewe. Kutangaza ni kutoa sauti hadharani, aliyepo asikie. Huduma ya kutiririsha humpelekea kila mteja nakala yake, baada ya kulipa, kama maji ya bomba lenye mita. "Kutiririsha" tumelipokea, ingawa lakumbusha mto kuliko bomba. Lakini mchezo unaoonyeshwa na Peacock peke yake usiandikwe kuwa "umetangazwa". Uandikwe kuwa umeonyeshwa kwa wateja, ili baba wa mchezaji aliyeko kijijini, asiye na kadi ya benki, aelewe kwa nini hakumwona mwanawe.