Kasuku aliyejituliza na kalamu yangu nyekundu

Kila mtu anaijua "Sina Makosa". Ichezwe kwenye matatu ya Oyugis au harusini, hata asiyekijua Kiswahili ataifuata. Les Wanyika, bendi iliyoundwa Nairobi mwaka 1978 na wanamuziki waliojitenga na Simba Wanyika, imekwama ndani ya wimbo huo mmoja. Mimi naona hisia zao nzito zaidi zimo katika nyimbo zisizoombwa sana redioni, hasa "Kajituliza Kasuku". Leo sizungumzii magita wala kisa cha wimbo. Tulitazame jina tu.

"Sina makosa" ni kauli ya mtu anayejitetea. Lazima awepo wa kumshtaki. "Kajituliza" haina mshtaki. Mzizi wake ni tulia. Tia kauli ya kutendesha upate tuliza, kisha kirejeshi -ji-, upate jituliza. Aliyetulia huenda hakuwahi kusumbuka. Aliyejituliza alivurugika, akakosa wa kumbembeleza, ikabidi aifanye kazi hiyo mwenyewe. Tena kitenzi kimetangulia: tunauona utulivu kabla ya kujua ni wa nani.

Halafu kuna hiyo ka-. Hapa Kosele imenitoa jasho, bwana. Mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha pili aliniuliza, "Mwalimu, kwani ni kakasuku kadogo?" Kwa sikio lililolelewa na Sheng, ka- ni udogo, kama katoto. Kwa Kijaluo ni kwao mtu: Karachuonyo ni kwa Rachuonyo. (Na kasuku mwenyewe, kwa wengi huku, ni daftari au mkebe wa mafuta ya kupikia kabla hajawa ndege.) Nikamweleza kwamba Pwani na Tanzania, alikotoka mwimbaji John Ngereza, watu husema kaja, kalala, wakimaanisha amekuja, amelala. Yaweza pia kuwa "akajituliza" iliyoangusha a- yake, yaani tendo lililofuata jingine. Ukiisikia hivyo, jina lote linaanzia katikati ya mambo, na la kwanza lililomvuruga kasuku halitajwi.

Kijana aliitikia kwa kichwa. Nilidhani yameishia hapo.

Muhula uliofuata aliandika insha kuhusu mazishi ya babake. Alieleza jinsi wageni walivyoondoka, hema likafunguliwa, viti vya kukodi vikapakiwa kwenye pikapu. Kisha ikaja sentensi ya maneno mawili: "Mama kajituliza." Nikaikata kwa wino mwekundu. Juu yake nikaandika "Mama alitulia", nikamtoza alama mbili.

Sarufi yangu ilikuwa sanifu, na sidhani kuna mtahini ambaye angenilaumu. Lakini nilichoandika kilikuwa uongo. Mwanawe ndiye aliyekuwa pale jioni ile, na hakusema mama alitulia. Alisema alijituliza, mbele ya watoto, viti vikiwa vinahesabiwa. Mimi niliyemfundisha maana ya kirejeshi ndiye niliyekifuta, kwa kuwa jicho langu lilikuwa linawinda ka-.

Alikuja na daftari mezani kwangu. Hakubishana. Aliniuliza tu, "Sawa mwalimu, ka- nimeelewa. Na hiyo -ji- nayo ilikuwa makosa?"

Nilimrudishia alama zake mbili.