Nani Mwenye Jukwaa? Uhakiki wa Uigizaji wa Wafungwa wa Rebibbia katika Filamu ya Cesare deve morire

Filamu ya Cesare deve morire (yaani, Kaizari Hana Budi Kufa), iliyoongozwa na ndugu wawili, Paolo na Vittorio Taviani, ilitunukiwa Dubu wa Dhahabu katika tamasha la Berlin mwaka 2012. Inawaonyesha wafungwa wa sehemu ya ulinzi mkali katika gereza la Rebibbia, Roma, wakifanya mazoezi ya tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar, na hatimaye kuiigiza mbele ya hadhira, chini ya mwongozaji wao wa jukwaani, Fabio Cavalli. Kwa wasomaji wa Kiswahili tamthilia hiyo si ngeni: Mwalimu Julius Nyerere alichapisha tafsiri yake mwaka 1963, akaisahihisha na kuitoa upya mwaka 1969 kwa anwani ya Juliasi Kaizari. Wala si ngeni magerezani. Tarehe 16 Desemba 1977, Nelson Mandela alitia saini yake kando ya mistari ya tamthilia hiyo hiyo, katika kitabu cha Shakespeare kilichokuwa kikizunguka miongoni mwa wafungwa wa Kisiwa cha Robben. Huko mistari ilichaguliwa na mfungwa mwenyewe. Rebibbia, kama filamu inavyoonyesha, tamthilia hutangazwa na mwongozaji, na wafungwa hujitokeza kufanyiwa usaili.

Tofauti hiyo si ndogo kwa mhakiki wa sanaa shirikishi. Augusto Boal, aliyekamatwa na kuteswa na utawala wa kijeshi wa Brazil mwaka 1971, alishikilia kuwa mtazamaji ana haki ya kulisimamisha onyesho, kupanda jukwaani na kuubadilisha mwenendo wa tukio. Nadharia hiyo ina jamaa yake nchini Tanzania. Katika warsha za Sanaa za Maonyesho kwa Maendeleo zilizofanywa Malya mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambazo Penina Mlama amezieleza katika kitabu chake cha mwaka 1991, hatua ya kwanza ilikuwa wanakijiji wenyewe kuyabainisha matatizo yao. Mchezo ulifuata baadaye. Kwa kipimo hicho, kazi ya Rebibbia inaanzia mahali ambapo ushiriki ungekuwa umekwisha kupita hatua yake muhimu kuliko zote.

Hata hivyo, kipimo hicho kikitumiwa peke yake, kinapitwa na mambo mawili.

La kwanza ni lugha. Waigizaji wanatakiwa waseme kwa lahaja za makwao, Kinapoli, Kisisilia na nyinginezo, badala ya Kiitalia sanifu. Nyerere alimtoa Kaizari katika Kiingereza akampa Kiswahili cha taifa zima. Wafungwa wa Rebibbia wanasafiri upande wa pili, kutoka lugha ya taifa kurudi mtaani. Matokeo yake yanasikika wazi katika hotuba ya Antony. Maneno anayoyarudia kwa kejeli, kwamba Brutus ni mtu wa heshima, kwa Kiitalia ndiyo yale yale ambayo mafia huyatumia kumwita mwanachama wao. Baadhi ya wanaoyatamka na kuyasikiliza wamefungwa kwa makosa ya magenge ya namna hiyo. Hapa kejeli ya Shakespeare haihitaji kufafanuliwa na mwongozaji yeyote. Wasemaji wanaijua kuliko yeye.

La pili ni uwanja. Hotuba hiyo inatolewa kwenye ua wa gereza, na umma wa Roma ni wafungwa walioko madirishani, nyuma ya nondo, wakipaza sauti kwa hasira. Hawana jukwaa la kupanda, na milango yao imefungwa, lakini sauti zao zinaujaza ua. Boal asingekosa kuitambua nguvu ya tukio hilo, ingawa pengine angeuliza nani aliwapa ishara ya kuanza kupiga kelele.

Swali hilo ndilo linaloigusa filamu pabaya. Mara kadhaa mazoezi yanakatika. Mwigizaji wa Brutus anakwama kwenye mstari kwa sababu unamkumbusha mtu aliyemfahamu; waigizaji wengine wawili wanageuka kutoka maneno ya tamthilia hadi ugomvi wa kwao. Mtazamaji anaelekea kuamini kwamba maisha yamevunja mchezo. Kumbe mikatizo hiyo nayo imeandikwa na kupangwa mbele ya kamera. Salvatore Striano, anayeigiza Brutus, alikuwa ameachiliwa tangu mwaka 2006 na alirejea Rebibbia kama mwigizaji. Kupanga tukio si udanganyifu katika sanaa. Tatizo ni kwamba kinachopangwa hapa ni ile sehemu hasa ambayo mfungwa angekuwa mtunzi. Uhuru wake wa kukatiza umegeuzwa kuwa zamu yake ya kusema maneno aliyopewa.

Tena, waigizaji wanapotambulishwa, maandishi kwenye skrini yanataja kosa na urefu wa kifungo cha kila mmoja. Jukwaa lilikuwa limempa mtu jina la Cassius. Skrini inamrudishia hati ya mashtaka. Watetezi wa uamuzi huo wanaweza kudai kwamba bila taarifa hizo hadhira isingeuona uzito wa kinachotendeka. Dai hilo halitoshi. Hadhira iliyoketi ukumbini Rebibbia ilipiga makofi kwa ajili ya uigizaji, na hakuna mtu aliyesimama jukwaani kuisomea hukumu.

Baada ya makofi, filamu inawafuata waigizaji hadi vyumbani mwao, milango ikifungwa mmoja baada ya mwingine. Mwigizaji wa Cassius anasema kwamba tangu alipoijua sanaa, chumba chake kimekuwa gereza. Kauli hiyo imezoeleka kunukuliwa kama ushahidi kwamba sanaa hukomboa. Lakini msemaji hakudai kukombolewa. Anasema maumivu yameongezeka, na anayasema akiwa peke yake, onyesho likiwa limekwisha, watazamaji wakiwa wamekwisha kutoka langoni. Programu yoyote ya sanaa magerezani inayomnukuu mtu huyu katika ripoti zake inadaiwa jibu la swali analoliacha: kesho yake asubuhi, mazoezi yakiwa yamekoma, nani atarudi kugonga mlango huo?