Wimbo wa Dakika Sita

Kuna wimbo nimeusikia mara nne hivi na huwezi kuupata popote. Rafiki yangu, mwimbaji wa hapa Nairobi asiye na lebo wala meneja, huupiga mwisho wa shoo. Dakika sita na kitu, gitaa na sauti tu. Anaanza polepole, ni kama anaongea, na mpaka dakika ya nne bado hujajua anakupeleka wapi. Halafu gitaa linafunguka na watu wanaweka simu chini.

Toleo lililo mtandaoni ni la dakika mbili. Kiitikio kinaingia hapo hapo, kabla hujajua anamlilia nani. Ni wimbo safi. Pia ni wimbo wa kawaida. Na aliyemshauri aukate ni mimi.

Nilikuwa namwandikia wasifu wa kutumia waandaaji wa shoo, kibarua cha elfu moja, nikajifanya mtaalamu. Niliacha chuo mwaka wa pili, lakini hesabu ya pesa kidogo naijua. Spotify huhesabu wimbo umesikizwa baada ya sekunde 30, na tangu 2024 wimbo usiofikisha mara 1,000 kwa miezi 12 haulipwi kitu kwa rekodi. Skiza nayo humpa anayekupigia kipande tu kabla hujashika simu. Marekebisho ya sheria ya 2022 yalimtengea msanii asilimia 52 ya mapato hayo, sawa, lakini ni lazima kwanza kuwe na kipande kitamu. Basi nikamwambia: utamu ulete mbele.

Ati wazee hawakuwa hivyo? Walikuwa hivyo. Santuri ndogo za benga zilibeba dakika chache kila upande, kwa hivyo wimbo mrefu uligawanywa: sehemu ya kwanza upande huu, ya pili upande ule. Unageuza santuri, magitaa yanashika kasi, watu wanainuka. Chombo kiliwabana, nao wakajua kucheza ndani ya ule mbano. Sisemi walilipwa vizuri. Wengi hawakuona matunda ya kazi yao. Lakini mwenye santuri alikuwa ameshalipa kabla ya sindano kushuka. Wimbo haukuwa unamwomba abaki. Ulikuwa na nafasi ya kumchelewesha.

Wala haraka si dhambi. "Lamba Lolo" ya Ethic, vijana wanne wa Umoja, ilitikisa mtaa mwaka 2018 bila kumchelewesha mtu. Ule wimbo hauna siri ya kuficha mpaka mwisho. Ni kelele za kibaraza, na kelele za kibaraza hazina utangulizi. Haraka yake ni yake mwenyewe. Wa rafiki yangu tuliuvalisha nguo ya mtu mwingine. Maneno yake yanahusu kumngoja mtu asiyerudi, na sisi tukaondoa kungoja kwenyewe. Kilichobaki ni malalamiko yenye mdundo.

Na tulipata nini? Wimbo uliokatwa haujamlipa hata nauli ya kwenda Rongai. Kodi ya nyumba inatoka kwa harusi za Jumamosi, ambako anaimba nyimbo za watu wengine, na kwa wanafunzi wawili anaowafundisha gitaa. Rekodi kwake ni bango tu, la kumwonyesha mwandaaji kwamba yupo. Sasa, kama rekodi ni bango, mbona bango letu linatangaza kitu ambacho hakipo kwenye shoo? Anayekuja kwa sababu ya zile dakika mbili hajui anakuja kusikia nini. Na yule ambaye angependa zile sita hatakuja, juu hajawahi kuambiwa zipo.

Hapo ndipo hesabu yangu ilipokosea. Nilikata wimbo ili ulipe, na pesa haikuwa huko hata kidogo.

Wiki iliyopita nilimwomba arekodi ule mrefu. Hakunikasirikia. Aliuliza tu, "Na masaa ya studio, nani atalipa?" Sikuwa na jibu, na sitajifanya ninalo hapa.

Anapiga tena mwisho wa mwezi. Nitaenda, nilipe mlangoni kama watu wengine, halafu nikae nikingoja dakika ya nne.