Shahidi Asiyeitwa: Husuda, Wivu na Hadaa katika Tanzia ya Othello

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna hadaa inavyofanya kazi katika Othello, tanzia ya William Shakespeare. Uhakiki mwingi umetafuta chanzo cha maangamizi ama katika ubaya wa Iago ama katika hulka ya Othello. Makala inadai kwamba tamthilia yenyewe inaelekeza kwingine, yaani katika utaratibu wa kusikiliza mashtaka. Kwa kulinganisha kesi tatu zilizomo katika tamthilia, inaoneshwa kuwa wivu wa Othello ni hukumu inayotolewa pasipo mshtakiwa kusikilizwa.

1.0 Utangulizi

Othello ilioneshwa katika kasri la Whitehall, London, mwezi Novemba 1604, na ikachapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1622. Kisa chake kinatokana na masimulizi ya Mwitalia Giraldi Cinthio yaliyochapishwa mwaka 1565. Tangu zamani wahakiki wamegawanyika kuhusu kiini cha anguko la shujaa huyu. Thomas Rymer, mwaka 1693, aliibeza tamthilia nzima kwa kuitegemeza kwenye leso. Coleridge alimwona Iago kuwa ni ubaya unaojitafutia sababu baada ya kuwa umekwisha kuwapo. A. C. Bradley, mwaka 1904, alimtetea Othello kuwa mtu mwadilifu asiye na wivu wa asili, ilhali F. R. Leavis, mwaka 1937, alisisitiza kwamba kosa limo ndani ya Othello mwenyewe.

Mvutano huu una uzito kuliko unavyoonekana. Iwapo Othello anaangamia kwa sababu ya hulka yake, basi yale ambayo Brabantio na Iago wanayasema kuhusu mtu mweusi tangu tendo la kwanza yanapata ushahidi jukwaani. Iwapo anaangamia kwa sababu Iago ni shetani mtupu, tanzia inapungua na kuwa ajali tu. Inafaa basi kuuliza swali jingine: katika tamthilia hii, tuhuma husikilizwa vipi, na nani huaminiwa?

2.0 Husuda Inayozaa Wivu

Ingawa mazungumzo ya kila siku huchanganya maneno hayo, Kiswahili kina husuda na kina wivu. Hasidi huumizwa na alichonacho mwenzake. Mwenye wivu huogopa kunyang'anywa alichonacho yeye. Tofauti hiyo inasaidia kuiona njia ya maangamizi. Iago ni hasidi kwanza. Cassio, ambaye kwa maoni yake ni askari wa vitabuni, amepewa uluteni, naye amebaki mbeba bendera. Baadaye anaongeza sababu nyingine: kwamba Othello amelala na mkewe Emilia, kisha kwamba hata Cassio huenda amefanya hivyo.

Jambo la kuzingatia ni namna anavyoipokea tuhuma ya kwanza kati ya hizo mbili. Mwishoni mwa tendo la kwanza anakiri kwamba hajui kama ni kweli, lakini atatenda kana kwamba ana hakika. Kwa hiyo mtu wa kwanza kuhukumu bila ushahidi katika tamthilia hii ni Iago, wala si Othello. Anachokuja kumwambukiza mkuu wake si hisia ya wivu peke yake, bali pia namna ya kufikia hakika pasipo kuuliza.

3.0 Kesi Tatu

Kesi ya kwanza inasikilizwa usiku barazani Venisi. Brabantio anamshtaki Othello kwamba amemroga Desdemona. Mtawala wa Venisi hatosheki na madai matupu, na maseneta wanamtaka mshtakiwa ajieleze. Othello anaomba Desdemona aitwe aseme mwenyewe mbele ya baba yake. Anaitwa, anasema, na shauri linakwisha. Katika masimulizi ya Cinthio hakuna baraza hilo; ni Shakespeare aliyeliongeza. Nyongeza hiyo inathibitisha kwamba Othello anaujua utaratibu wa haki, anauamini, na ameokolewa nao.

Kesi ya pili inafanyika Kupro baada ya ugomvi wa walinzi. Hapa Othello ndiye hakimu. Cassio ameshindwa kusema kwa aibu ya ulevi; Montano amejeruhiwa na anamwachia Iago maelezo. Anabaki shahidi mmoja, naye ndiye aliyeupanga ugomvi. Iago anajifanya kusitasita, kana kwamba ulimi wake unauma kumsema rafiki. Kusitasita huko kunamfanya Othello aamini kwamba kosa la Cassio ni kubwa kuliko lilivyosimuliwa, na anamfukuza kazini papo hapo. Othello mwenyewe anakiri katika onyesho hilo kwamba hasira imeanza kuitawala akili yake. Hadaa ya tendo la tatu imekwisha kufanyiwa majaribio hapa.

Kesi ya tatu ndiyo ya Desdemona, nayo haina baraza. Katika tendo la tatu Iago hasemi uongo mwingi mwanzoni. Anaguna Cassio anapoondoka, anauliza swali dogo, anarudia maneno ya Othello kama mwangwi, kisha ananyamaza. Msikilizaji anaijaza nafasi iliyoachwa wazi, na kile alichokijaza anakiamini kwa kuwa ni chake. Othello anapodai ushahidi wa macho, Iago anampa ndoto ambayo Cassio anadaiwa kuiota, ushahidi ambao hauwezi kuthibitishwa wala kukanushwa. Baadaye Othello anafichwa atazame Cassio akicheka. Cassio anamcheka Bianca, lakini Iago amekwisha kuipa picha hiyo maana nyingine. Othello anapewa kuona alikotaka, ila tafsiri ya anachokiona haimo mikononi mwake.

Yawezekana kupinga kwamba Othello anauliza, kwa kuwa katika tendo la nne anamhoji Emilia. Ni kweli, naye Emilia anaapa kwamba bibi yake ni safi. Lakini jibu lake linatupwa kwa sababu lilikwisha kuhukumiwa kabla halijatolewa: akikana, ni kuwadi anayemficha bibi yake. Desdemona naye anashutumiwa bila kuambiwa ametenda nini na nani. Anaposikia hatimaye jina la Cassio, akiwa kitandani, anaomba Cassio aitwe aulizwe. Ombi hilo ni lile lile ambalo Othello alilitoa barazani Venisi. Jibu analopata ni kwamba Iago amekwisha kukifunga kinywa cha Cassio. Umbali kati ya maombi hayo mawili ndio urefu wa tanzia yenyewe.

4.0 Uaminifu na Mgawanyo Wake

Neno la Kiingereza linalorudiwa zaidi ya mara 50 katika tamthilia, ambalo William Empson alilichambua kwa kina mwaka 1951, linamhusu Iago kama mkweli na Desdemona kama mke asiyezini. Neno uaminifu la Kiswahili nalo hubeba maana hizo mbili, na hivyo hutusaidia kuona kinachotendeka: uaminifu unahamishwa kutoka kwa mke kwenda kwa askari. Mgawanyo huo una misingi ya kijamii. Uhai wa askari vitani hutegemea taarifa ya mwenzake, na Othello ameishi zaidi kambini kuliko nyumbani. Yeye pia ni mgeni Venisi. Iago anapodokeza kwamba mwanamke aliyewakataa wanaume wa nchi na rangi yake hana maumbile ya kawaida, Othello hana mwenyeji mwingine wa kumuuliza. Onyo la Brabantio kwamba aliyemdanganya baba aweza kumdanganya mume linarejea kupitia kinywa cha Iago, na sasa lina sura ya maarifa.

5.0 Hitimisho

Uchambuzi huu haumwondolei Othello lawama. Yeye ndiye hakimu aliyeacha kuita mashahidi. Unachokikataa ni dai kwamba aliacha kwa sababu ya asili yake, kwa kuwa tendo la kwanza linamwonesha akiwa mtetezi bora wa utaratibu huo. Mwishoni, barua zinapatikana mfukoni mwa Roderigo, Cassio anaeleza leso ilivyomfikia, na Emilia anasema yote hadi anauawa na mumewe kwa kusema. Ushahidi wote ulikuwapo, haukuitwa. Naye Iago, aliyetawala kwa maneno, anaapa kutosema tena. Kwa wanaofundisha tanzia hii, onyesho la baraza halifai kuchukuliwa kuwa utangulizi wa kisa: ndicho kipimo ambacho matendo manne yanayofuata yanapimwa kwacho.