Rufaa ya Leo Leo

Katika zahanati za Kariakoo, zile zilizobanwa kati ya maduka ya vitenge na vipuri, kuna kazi ambayo haisifiwi inavyostahili: kumwandikia mgonjwa rufaa ya siku hiyohiyo. Wengi huiona ya kikarani. Mimi naihesabu kuwa tiba, na tabibu anayeiweza namvulia kofia.

Ugumu unaanzia kwenye kuamua. Aliyezimia hana utata, kila mtu anamwona. Mtihani ni mama wa makamo aliyeingia kwa miguu yake, analalamika kiungulia na uchovu, huku jasho linamtoka na feni inazunguka. Tabibu mahiri hamkimbilii na vidonge vya tumbo. Anauliza yalianza saa ngapi, anashika mkono kuona kama umepoa, anapima presha na sukari, kisha anahesabu pumzi kwa dakika nzima, kipimo ambacho wengi hukikadiria kwa macho tu.

“Dokta, ngoja nikafunge duka kwanza.”

“Duka atafunga kijana, mama. Wewe unaondoka sasa hivi.”

Aende wapi? Kwa utaratibu, mgonjwa hutoka zahanati kwenda kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, ya rufaa ya mkoa, hadi ya taifa. Lakini dharura haina subira ya kupita kote huko. Mnazi Mmoja ni jirani, Amana iko Ilala, Muhimbili iko Upanga. Jengo lilipoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, majeruhi walipelekwa katika hospitali zote tatu. Hata ndani ya uzio wa Muhimbili milango ni mingi: MOI kwa mifupa na majeraha ya kichwa, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, na Idara ya Tiba ya Dharura iliyofunguliwa mwaka 2010, ya kwanza ya aina yake katika hospitali ya umma nchini. Tabibu anayejua mlango upi ubishwe humwokolea mgonjwa muda ambao hakuna dawa inayoweza kuurudisha.

Kisha karatasi, na hapa ndipo ninapostaajabu zaidi. Chukua kifafa cha mimba. Kabla ya safari mama hupewa magnesiamu salfeti, gramu 4 kwenye mshipa na gramu 10 kwenye misuli, nusu kila tako. Karatasi isipoonyesha dozi na saa, anayempokea ama ataogopa kuendelea na tiba, ama atairudia yote, na dawa hiyo ikizidi husimamisha pumzi. Kwa hiyo tabibu makini anaandika 11:15, kwa saa ya hospitali, asije mtu akasoma saa tano ya usiku. Anaandika alichokiona, alichotoa na anachokihofia, kwa herufi zinazosomeka na mtu aliyesimama. Dawa za nyumbani anazifunga kwenye mfuko na kumkabidhi ndugu.

Anapiga simu kabla mgonjwa hajaondoka. Kwa wajawazito na watoto wachanga ipo namba ya bure 115 ya mfumo wa m-mama. Kwa wengine mara nyingi ni bajaji, na muuguzi pembeni. Mtaa wa Kongo mchana haupitiki, hivyo kijana anatangulizwa amsimamishe dereva Lumumba, na mgonjwa anasukumwa kwa kiti katikati ya wamachinga, ambao, niseme kwa haki yao, hupisha haraka wakiona kuna mgonjwa.

Nakala inabaki zahanati. Mgonjwa akirudi na karatasi ya kuruhusiwa, tabibu anaweka ugonjwa uliogunduliwa hospitali kando ya ule alioushuku yeye. Pale vinapopishana anasoma upya maelezo yake, mstari kwa mstari, atafute swali ambalo hakuliuliza, na mgonjwa atakayefuata mwenye dalili kama zile ataulizwa.