Kadiri ya Uturi

Ami yangu, Mungu amrehemu, aliyeishi Mkomani umri wake wote na kuvuka Daraja la Nyali kila siku kwenda kazini mjini, alikuwa na saa moja katika juma ambayo hakumruhusu mtu kumharakisha, nayo ni ile ya kabla ya sala ya Ijumaa. Akisha koga na kujifuta, hulitia kaa chetezoni, akalingoja livae jivu, kwa kuwa kaa jekundu huuchoma udi, na udi uliochomwa hutoa moshi mchungu. Kisha huweka kibanzi kisichozidi ukucha wa kidole cha mwisho, akaitundika kanzu juu yake kwa muda wa kusoma Yasini mara moja. Moshi ukikatika, huikung'uta kanzu dirishani. Ndipo hufungua kichupa chake cha robo tola (na tola, kipimo tulichopokea kwa Wahindi, ni yapata gramu 11.7), akagusisha kijiti cha kioo nyuma ya sikio hili, nyuma ya sikio lile, na kifundoni mwa mkono, akakifunga. Basi.

Miguso hiyo mitatu naliidharau ujanani. Jamaa yetu aliponiletea mafuta ya udi kutoka Maskati, nalijipaka shingo, kifua na mikono, nikaipaka na kanzu, nikaenda msikitini nikijiona nimekamilika. Mzee aliyesimama kuliani kwangu alikuwa na pumu. Katika rakaa ya kwanza alishikwa na kikohozi, na kabla ya kurukuu akatoka safuni amejishika kifua. Baada ya sala nalimkuta penye birika, anavuta pumzi kwa taabu. Alikuja kumwabudu Mola wake, na mimi ndimi niliyemtoa. Sote twajua kwamba aliyekula kitunguu saumu kibichi ametakiwa asiukaribie msikiti. Tangu siku ile naona kuwa harufu njema nayo, ikipita kadiri, haiko mbali na hukumu hiyo.

Ami hakunigombeza. Jioni, juu ya kahawa, alisema tu: "Mwanangu, usiiamini pua yako. Ilikwisha lewa tangu chumbani."

Na kweli ndivyo ilivyo, kwani pua iliyokaa na harufu moja kwa dakika chache huacha kuisikia, na mwenye kujipaka, akidhani imekwisha, huongeza, hali walio kando yake wameshiba zamani. Pwani yetu huuzidisha ugumu huu: wakati wa kaskazi, tangu Desemba hata Machi, joto la mwili huirusha harufu kwa nguvu, na tone lililokuwa staha wakati wa kusi huwa karaha. Kwa hiyo ami, miezi hiyo, aliuacha udi kabisa akatosheka na mguso mmoja wa halwaridi. Manukato ya kupuliza, yenye spiriti, hupaa kwa kishindo mwanzoni. Mafuta ya udi huanza polepole na kulala kanzuni hata kesho, basi anayeyapima kwa robo saa ya kwanza amejidanganya. Udi wenyewe ni utomvu ambao mti wa Asia huutoa kujikinga pale ukungu unapouingia, na aliyefahamu kuwa anafukiza jeraha la mti, sidhani kama ataumwaga ovyo.

Ufundi huu ni wa kale kwetu. Ibn Battuta, alipopita pwani hii mwaka 1331, alipokewa Mogadishu kwa tambuu na popoo, akamiminiwa marashi ya Dameski, yeye na kadhi. Na alipofika Mombasa akaona kila aingiaye msikitini huosha miguu kwanza, akaipangusa juu ya mkeka mlangoni. Hayo mawili nayapenda yakae pamoja, maji kwanza na marashi baadaye, maana uturi uliopakwa juu ya jasho haulifichi. Waomani nao wamekipa kipimo mahali pake katika vazi: penye ukosi wa dishdasha huning'inia kishada cha uzi, nacho ndicho kichovywacho uturi. Kishada kile ni kidogo kuliko kidole. Fundi cherehani aliyekishona alikwisha kuamua, kabla ya mvaaji, ni kiasi gani kinachotosha.

Mimi sina kishada, ila nina hakimu, nayo ni desturi niliyoirithi kwa ami, ambaye alinifanya mimi hakimu wake nilipokuwa mdogo. Kila Ijumaa, nikisha vaa, humwita mpwa wangu wa miaka saba asimame mlangoni. Humwuliza, "Wasikia?" Akisema ndiyo, narudi kunawa. Akitikisa kichwa, husogea hatua mbili, nikamwuliza tena, akatikisa tena, na ajapo kuupokea mkono wangu aubusu, husita kidogo juu yake, akavuta pumzi, akasema, "Sasa, mjomba."